Kichwa Kilikuuma, Mimi Nikakupa Miwani

Mama Nyambura wangu,

Katika jiji hili lote, kuanzia River Road mpaka huku kwetu Jamhuri, hakuna mtu anayejua macho kunishinda mimi. Madaktari wenyewe wakipita mezani pangu hunisalimia kwanza. Mteja akija namtazama mara moja tu, kabla hajavuta kiti, nishajua namba ya miwani yake. Nikimtazama mara ya pili najua kama mkewe bado anampenda.

Haya, umeshaanza kucheka. Sawa, ni uongo. Ninachojua mimi ni skrubu. Najua kukaza mkono wa miwani uliolegea, kubandika kile kipande cha puani, kutia kioo kwenye fremu bila kukipasua. Macho siyajui. Ningekuwa nayajua, hata yako mawili tu niliyoyatazama miaka thelathini na minane, saa hizi singekuwa nakuandikia. Ningekuwa nakusumbua hapo jikoni.

Ni Nyambura aliyesema niandike. Alinikuta naongea na ukuta akaniambia, "Baba, andika, itakutoka." Huyo mtoto wako tangu aajiriwe ofisini anafikiri mtu aliyeishia darasa la nne anaweza kuandika kwa sababu ana kalamu. Nimeamua kuandika wazi, asome anayetaka, na yeye mwenyewe asome, maana kuna jambo sikukuambia ukiwa hai na yeye sijamwambia mpaka leo. Nitalifikia. Acha kwanza nizunguke. Unajua mimi sijawahi kuingia kwenye jambo kupitia mlangoni.

Ulinijia na miwani ya mwajiri wako wa Lavington, ulikuwa umeikalia. Mkono mmoja umeng'oka. Ukaniambia, "Fundi, hii ikipona leo nitakuombea. Isipopona nitalala hapa kwa meza yako." Nikaitengeneza, lakini ile skrubu niliikaza nusu tu. Baada ya wiki mbili ukarudi ukilalamika. Nikaikaza nusu tena. Mara ya tatu ulikuja umevaa rinda la kijani, ukaniuliza kama mimi ni fundi mbaya au ni mwanamume mjanja. Nikasema yote mawili. Hilo halikuwa uongo, nawe ulilijua ukanichukua hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye kichwa chako.

Kile kichwa kilikuwa na tabia za mwenye nyumba. Kilikuja asubuhi mapema kabla hujanawa uso, kikagonga, na kufika saa nne kimeshaondoka. Ukiinama kutoa sufuria chini ya meza, kimerudi. Ukikohoa, kimerudi. Kanisani ulikuwa ukipandisha ile sauti yako ya kwanza, kisha ukaanza kuikata katikati na kushika paji la uso. Mwalimu wa kwaya akakuhamisha mstari wa nyuma. Nikakuambia wamechoka kukuona ukikunja sura mbele ya Bwana.

Halafu ukaanza kutapika. Unaamka, unafika mlangoni, na yanatoka tu, hakuna kichefuchefu, hakuna onyo, kama bomba lililopasuka. Ukimaliza unajifuta mdomo, unasema kichwa kimepungua, unaomba chai. Mama Kioko anayeuza mboga pale langoni akaniita mbele ya watu.

"Baba Nyambura, hii kutapika ya asubuhi sisi wanawake tunaijua."

Nikavimba kifua. Mzee wa miaka yangu. Nikawaambia mbegu ya zamani haiozi. Na wewe, badala ya kunitukana, ukajibu ukiwa umeegemea ukuta, "Kama ni mtoto, huyu ndiye atamnyonyesha. Mimi maziwa nilimaliza na Nyambura."

Watu walicheka mpaka Mama Kioko akaangusha nyanya. Wewe ulicheka ukiwa umefumba macho na mikono yote miwili kichwani, kwa sababu hata kicheko kilikuuma. Mimi nilikiona kicheko peke yake. Mikono sikuiona. Nimeiona baadaye, kila siku naiona.

Ukisimama kutoka kwenye kigoda macho yalikuwa yanakuzimikia, sekunde mbili tatu, kisha yanarudi. Ulikuwa unashika meza na kusema, "Ngojeni stima irudi," kama umeme uliokatika. Ukaifanya mchezo. Wageni wakija wanakuuliza, Mama, stima iko? Nami nawajibu imekatwa, hajalipa.

Na ile siku ya Lavington. Ulirudi nyumbani saa sita mchana ukiwa umebeba aproni yako kwenye mfuko, nikajua umeachishwa kazi. Ulikuwa umemimina chai ya wageni juu ya kitambaa cha meza, katikati kabisa, pasipokuwa na kikombe. Ukaniambia polepole, kama mtu anayetoa ushahidi, "Niliona vikombe viwili. Sikujua ni kipi cha kweli, nikamimina katikati yao."

Mtu mwenye akili angekuchukua hapo hapo akupeleke hospitali. Mimi nilikuuliza kama siku hizi unakunywa pombe ya muratina bila kunialika. Kisha nikafungua sanduku langu la kazi.

Nilianza na miwani ya namba mbili. Baada ya wiki tatu namba mbili na nusu. Kisha tatu. Kila mara nilikukalisha mlangoni penye mwanga, nikakupa ule ukurasa wa gazeti ninaopimia wateja pale mjini, ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa sababu una maandishi makubwa juu na madogo chini, na kwa sababu mteja akisoma habari za wafu hawezi kusema anachoka haraka. Nikasema, "Soma." Ukasoma: "Kwa masikitiko makubwa familia inatangaza kifo cha mpendwa wao." Bila kukwama hata neno. Nikasema, "Unaona?" Ukasema, "Naona."

Miezi mingi ilipita ndipo nikagundua. Nilikuwa nimekaa mezani, mteja ananisomea, akiwa ameushika ukurasa juu chini. Kila tangazo la kifo huanza na maneno yale yale. Mtu yeyote aliyezeeka Nairobi analisoma akiwa amefumba macho. Wewe hukuwa unasoma, Mama Nyambura. Ulikuwa unanifurahisha mimi.

Namba nne sikuwa nayo. Ndipo nikakupeleka kwa yule binti wa duka la miwani Kileleshwa, anayenipa fremu zake zilizovunjika nimtengenezee. Sikukupeleka kwa sababu nilikuwa na wasiwasi. Nilikupeleka kukuonyesha kwamba nina marafiki wenye koti jeupe. Hilo nalo nalikiri.

Alikuwekea kidevu kwenye mashine. Akakutia matone. Akakuangalia na mwanga kwa muda mrefu, jicho la kulia, la kushoto, akarudi la kulia. Alikuwa anatania na sisi tangu tuingie, na hapo utani ukaisha.

"Cucu, kichwa inauma saa ngapi sana?" akakuuliza, akikuita bibi kwa Kikuyu.

"Asubuhi."

"Na ukiinama?"

"Hapo ndiyo mbaya."

"Unaona vitu mbili mbili?"

Ulinigeukia mimi kwanza. Kisha ukasema, "Mara moja moja."

"Na giza ya ghafla, ukisimama?"

Ukacheka, ukasema ni stima. Yeye hakucheka.

Ulibaki kwenye benchi karibu na mlango, umefumba macho kwa sababu ya yale matone. Akakuambia Guka, babu, yaani mimi, atakueleza. Mimi akanivuta ndani, akanionyesha kompyuta. Miaka thelathini na zaidi nimetazama macho ya watu kwa mbele, na hiyo ndiyo siku ya kwanza kuona nyuma. Kwanza akanionyesha jicho zima, la mtu mwingine. Kulikuwa na duara la manjano, ukingo wake umekatwa safi kama sarafu. Kisha la kwako. Duara lilikuwa limefura. Ukingo haukuwepo, umefutika kama tone la wino kwenye karatasi ya choo, na vijistari vya damu pembeni. Akanionyesha na la pili. Hivyo hivyo.

"Guka, hii si mambo ya miwani," akasema. "Hapa ndipo mshipa ya jicho inatoka kwa ubongo. Ikifura hivi pande zote mbili, kuna presha ndani ya kichwa, inasukuma mpaka huku. Si ile presha ya kupima kwa mkono. Aende apigwe picha ya kichwa, waone ni nini iko huko ndani. Leo, Guka. Si kesho. Nakuambia wewe juu wewe ni mtu wa kazi hii, utamweleza vizuri."

Mtu wa kazi hii. Hakuna mwenye koti jeupe aliyewahi kuniita hivyo. Akaandika barua kwa Kizungu, akaikunja, akanipa. Mimi Kizungu changu ni cha kuombea maji, lakini juu kabisa palikuwa na neno limepigiwa mstari mara mbili, na hilo nalijua, ndilo neno lao la haraka. Usije mtu akanitetea kwamba mzee hakusoma. Nilisoma. Nililoelewa lilitosha.

Tulipotoka uliniuliza, "Amesema nini?"

Nikakuambia, "Amesema upumzike. Presha imepanda kidogo, na macho yamechoka."

"Na hiyo karatasi?"

"Hii ni yangu. Ni ya fremu."

Ukanishika kiwiko, tukashuka pole pole. Ukasema binti ana mikono baridi lakini ana roho nzuri.

Hilo ndilo jambo. Nimelifikia.

Nilikaa na ile barua siku kumi na moja. Niliitia chini ya mkebe wa skrubu. Siku ya tatu nikapata namba nne kwa fundi mwenzangu, nikakutengenezea, fremu nzuri ya kahawia, ukaivaa kanisani ukiwa umekishika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Siku ya nne yule binti wa duka alinipigia simu.

"Guka, mlienda?"

"Tulienda."

"Wakasema?"

"Bado wanaangalia."

"Asante Mungu," akasema. Nikasikia anavyopumua. Alikuwa amebeba jambo letu siku nne, mtoto wa watu, na mimi nikampokonya mzigo na kuutupa.

Ungeniuliza kwa nini, ningekuambia ni kiburi, kwamba nilichukia kuambiwa miwani yangu haisaidii kitu. Ni kweli kidogo. Lakini wewe ulikuwa unanivua uongo kama mtu anavyomenya ndizi, kwa hivyo niumenye mwenyewe. Niliogopa. Nilipoona lile duara limefutika nilijua, bila kuambiwa, kwamba kama nikikupeleka huko, kuna uwezekano nirudi peke yangu. Basi nikakuweka nyumbani nikae nawe. Kila asubuhi ulipoamka nilisema moyoni, unaona, ameamka. Nilikuwa nahesabu kuamka kwako kama dawa inayofanya kazi.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi. Chai iliiva ikapoa. Nilikuita, ukafungua macho, ukayafunga. Nyambura alikuja na unga na sukari, akainama kukusalimia, ukamwita kwa jina la mama yako aliyekufa zamani. Akaniangalia. "Baba, amekuwa hivi tangu lini?" Nikainua kope zako tuone. Mboni ya kushoto ilikuwa ndogo. Ya kulia ilikuwa imefunguka kubwa, nyeusi, haikujali mwanga wa mlango hata kidogo. Hiyo hata fundi wa skrubu anaiona.

Pale hospitali walikuingiza kwenye ile mashine ya duara, na haikuchukua muda. Daktari alikuwa kijana, amechoka, na mkono wa kulia wa miwani yake ulikuwa umelegea. Alipoinama iliteleza mpaka ncha ya pua. Nilitamani kuomba aivue nimkazie. Ndivyo akili yangu ilivyotoroka. Akatuonyesha picha.

Ubongo wako ulikuwa wa kijivu kama viazi vilivyopondwa. Akasema katikati panafaa kuwa na mstari ulionyooka, na pande zake nafasi mbili nyeusi za maji, zinazofanana kama mabawa ya kipepeo. Bawa moja lilikuwa limebanwa likabaki uzi. Mstari umesukumwa kando, umepinda kama ukuta wa mabati uliogongwa na lori. Na penye kusukuma palikuwa na kitu cheupe, cha mviringo, ukubwa wa tunda la pasheni. Kilikuwa kimekaa humo kimetulia kama mpangaji.

"Fuvu haina mlango, mzee," akasema. "Kitu ikikua ndani, ubongo inatafuta pa kwenda, na mahali iko ni chini tu, kwa shimo ya shingo. Ndiyo maana kutapika, ndiyo maana macho." Akavuta miwani juu. "Huu uvimbe hukua pole pole. Aina hii mara nyingi tunaitoa na mtu anaenda nyumbani. Shida ni vile mmefika. Hakuna mtu aliwahi kuwaambia aje apigwe picha?"

Nyambura ndiye aliyejibu. "Hatukujua, daktari. Hata sisi tumeshtuka. Si ndiyo, Baba?"

Nikasema, "Ndiyo."

Mama Nyambura, nimesema uongo mwingi maishani, mwingine mpaka ukanipa mke. Lakini hilo neno moja, "ndiyo", nilihisi likishuka kooni kama skrubu.

Ulikufa Jumapili saa nane mchana, wakiwa wanakuandaa kuingia chumba cha upasuaji. Kanisani walikuwa hawajamaliza ibada ya pili.

Sasa nikuambie ninavyoishi, uniambie kama nimechizi.

Yule binti wa Kileleshwa hajui. Nilipompelekea fremu zake mara ya kwanza baada ya mazishi, aliruka kutoka kwenye kiti. "Guka, Cucu anaendelea aje?" Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima. Nikafungua mdomo nimwambie, nikasikia sauti yangu ikisema, "Anaendelea vizuri. Walimtoa kitu." Akashika kifua kwa mikono miwili. Akaniambia, unajua, Guka, siku ile nililia ukishaenda. Tangu hapo kila nikienda anakuulizia, nami naongeza. Nimemwambia umerudi kwaya. Nimemwambia umenona. Wiki iliyopita alinipa chupa ya asali nikuletee. Iko hapa mezani, sijaifungua. Kwa hivyo kuna duka moja tu duniani ambamo wewe u hai na unaimba sauti ya kwanza, na mimi ndiye ninayekulisha humo kwa uongo. Siku nitakapomwambia utakufa tena, na safari hii nitakuwa nimekuua mbele ya shahidi.

Mjini kazi inaendelea vibaya. Mwezi huu alikuja mwanamume anasema kichwa kinamuuma alfajiri, anatapika, anataka miwani. Niliinuka nikamshika mkono. Nikamwambia nenda hospitali sasa hivi, waangalie nyuma ya macho, waombe picha ya kichwa, usikae. Akanitazama kama mlevi. "Mzee, kwani hutaki kazi?" Akahamia meza ya jirani, akapimwa, akauziwa namba mbili. Nilimfuata mpaka kwenye taa za barabarani nikimwita. Akavuka. Nikarudi nikakaa. Labda ni malaria tu. Labda ni homa. Mimi sasa kila kichwa nakiona na lile tunda ndani.

Nyambura atasoma hii. Ananiletea chakula kila Jumamosi, ananiosha shati, anasema kwa watu kwamba baba yake alikutunza mpaka mwisho. Akimaliza kusoma sijui kama kutakuwa na Jumamosi nyingine. Siwezi kumlaumu. Barua ya binti wa duka nimeitoa chini ya mkebe, nimeiambatisha na hii, ili asije akafikiri uzee unanitungia makosa. Lile neno lenye mistari miwili bado linasomeka.

Msamaha siombi. Nimewaza sana na nimeona si haki nikuombe, maana wewe ungenipa upesi mno, ungesema "aah, Baba Nyambura nawe," na mambo yakaisha, na hayafai kuisha hivyo. Hata uzima wa kesho siutaki sana. Naamka kwa sababu macho yanafunguka yenyewe.

Lakini kuna kitu kimoja ni changu halali, na hata nikiwa mwovu kiasi gani, changu ni changu. Ulipokuwa na mimba ya Nyambura mgongo ulikuwasha miezi mitatu, na mkono haukufika. Nilikukuna kila jioni, na baada ya kuzaa hukuacha kunidai, ukasema ni mazoea, ukaapa mbele ya dada yako kwamba zamu yangu itakuja tukizeeka. Nimezeeka. Kuna mahali hapa katikati, chini kidogo ya bega la kushoto, pananiwasha tangu Jumapili ile. Nimejaribu kwa mwiko, nimejaribu kwa fremu ya mlango. Njoo mara moja tu, hata kama huongei nami. Nikune kisha uende.

Mumeo,
Baba Nyambura